Mirihi: Jinsi ardhi ya sayari jirani inavyopigwa picha kutoka angani

UKIIONDOA Dunia yenyewe, ni vigumu kupata sayari iliyopigwa picha kutoka angani kwa muda mrefu na kwa makini kama Mirihi. Tangu mwaka wa 1971, vyombo vya Marekani, uliokuwa Muungano wa Usovieti, Ulaya, India, Umoja wa Falme za Kiarabu na Uchina vimeizunguka sayari hiyo nyekundu vikiwa na kamera. Vimeonyesha milima yake, mabonde, mito iliyokauka, vilima vya mchanga na barafu ya ncha zake. Katika baadhi ya maeneo, picha hizo ni bayana kiasi cha kumwezesha mtazamaji kutambua jiwe lenye ukubwa wa meza.

Umuhimu wa kazi hiyo unapita kuyaridhisha macho. Picha za kutoka angani ndizo huamua mahali ambapo chombo kilichogharimu mamilioni ya dola kitatua salama au kitavunjika. Ndizo hutumiwa kuchunguza iwapo Mirihi iliwahi kuwa na maji ya kutosha kustawisha uhai. Aidha, zimewahi kuzua madai makubwa ambayo baadaye yaliporomoka. Mifereji ya kuchimbwa, sanamu ya uso wa mtu na vijito vya maji ya chumvi vyote viliwahi kutajwa kuwako huko. Madai hayo yalipimwa kwa njia moja: kupiga picha bora zaidi ya mahali pale pale, au picha nyingine ya wakati tofauti.

Majirani wawili wa Dunia

Dunia ina majirani wawili katika mfumo wa Jua: Zuhura kwa upande wa ndani na Mirihi kwa upande wa nje. Zuhura ndiyo huikaribia Dunia zaidi, lakini daima imegubikwa na mawingu mazito, hivi kwamba kamera ya kawaida iliyo juu yake haioni ardhi. Chombo cha Marekani kiitwacho Magellan, kilichoichunguza sayari hiyo kati ya 1990 na 1994, kililazimika kutumia mawimbi ya rada ili kupenya mawingu hayo.

Hali ya Mirihi ni tofauti. Hewa yake ni nyepesi mno. Shinikizo lake halifiki asilimia moja ya lile la Dunia, na mawingu yake ni machache na membamba. Isipokuwa vumbi linapotimka, ardhi yake huonekana wazi. Ingawa upana wa Mirihi ni kilomita 6,779 tu, takriban nusu ya upana wa Dunia, sayari hiyo haina bahari. Kwa hivyo eneo linalopaswa kupigwa picha linakaribia jumla ya nchi kavu yote ya Dunia.

Mifereji ambayo haikuwako

Kabla ya enzi ya vyombo vya angani, wataalamu wa falaki walitegemea darubini na kalamu. Mnamo 1877, Giovanni Schiaparelli wa Italia alichora ramani ya Mirihi yenye mistari mirefu aliyoiita "canali". Katika Kiitaliano, neno hilo laweza kumaanisha mkondo wa asili tu, lakini wengi waliosoma tafsiri za lugha nyingine walielewa kuwa ni mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Mmarekani Percival Lowell, aliyejenga kituo cha darubini mjini Flagstaff, Arizona, mnamo 1894, aliandika vitabu akidai kwamba wakazi wa Mirihi walichimba mifereji ili kuvuta maji kutoka kwenye barafu ya ncha za sayari yao.

Dai hilo lilipata pigo kubwa mnamo Julai 1965, chombo cha Marekani cha Mariner 4 kilipoipita Mirihi bila kuizunguka na kutuma picha 21 kamili pamoja na sehemu ya picha ya 22. Kila picha ilikuwa na mistari 200, na kila mstari ulikuwa na madoa 200 ya mwanga, yaani pikseli. Kasi ya kupeleka data ilikuwa biti 8.33 kwa sekunde, kwa hivyo picha moja ilichukua zaidi ya saa nane kufika duniani. Katika maabara ya Jet Propulsion Laboratory mjini Pasadena, California, wahandisi walishindwa kuvumilia. Walizichapisha namba za picha ya kwanza kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika ukutani, kisha wakavipaka rangi kwa mkono kufuatana na namba hizo.

Picha hizo zilionyesha kreta, yaani mashimo ya duara yaliyochimbwa na mawe kutoka angani. Hapakuonekana mifereji. Hata hivyo, zilikuwa zimegusa asilimia moja tu ya ardhi yote ya Mirihi, nayo ilikuwa sehemu kongwe iliyojaa makovu. Wanasayansi wengi waliiona Mirihi kuwa sayari iliyokufa, isiyotofautiana sana na Mwezi. Miaka sita baadaye, mtazamo huo nao ulibidi kubadilishwa.

Chombo kilichosubiri vumbi litulie

Novemba 14, 1971, Mariner 9 ilikuwa chombo cha kwanza katika historia kuingia katika mzingo wa sayari nyingine. Tofauti ilikuwa kubwa. Chombo kinachopita hupata saa chache tu za kupiga picha, ilhali kinachozunguka kinaweza kurudi juu ya mahali pale pale kwa miezi au miaka.

Bahati mbaya, kilifika wakati dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari nzima. Picha za kwanza hazikuonyesha chochote ila ukungu mwekundu na madoa manne meusi. Wahandisi walituma maagizo mapya kwenye kompyuta ya chombo ili kazi kuu ya kupiga picha isubiri.

Vyombo viwili vya Usovieti, Mars 2 na Mars 3, vilivyowasili wiki chache baada ya Mariner 9, havikuwa na uhuru huo. Vilifuata ratiba iliyopangwa kabla ya safari, vikatumia sehemu kubwa ya picha zao kwa ardhi iliyofichwa na vumbi. Vilevile, viliachilia vyombo vyao vya kutua katikati ya dhoruba. Cha Mars 2 kilianguka na kuvunjika. Cha Mars 3 kiligusa ardhi salama mnamo Desemba 2, 1971, kikatuma mawimbi kwa sekunde chache, kisha kikanyamaza kabisa.

Vumbi lilipotulia mapema mwaka wa 1972, ilibainika kwamba yale madoa manne yalikuwa vilele vya volkano kubwa mno. Mlima mkubwa zaidi, Olympus Mons, una urefu wa takriban kilomita 22, zaidi ya mara tatu ya Kilimanjaro yenye mita 5,895. Upana wa kitako chake unakaribia kilomita 600, umbali unaopita safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi. Mashariki mwa volkano hizo kulionekana bonde lenye urefu wa takriban kilomita 4,000 na kina kinachofikia kilomita saba. Bonde hilo liliitwa Valles Marineris kwa heshima ya chombo kilicholigundua, na inaaminika kwamba, kama Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, lilianza kwa kupasuka kwa gamba la sayari. Zaidi ya yote, yalionekana mabonde yenye matawi na mikondo ambayo ilifanana na mito iliyokauka.

Kufikia Oktoba 1972, Mariner 9 ilikuwa imetuma zaidi ya picha 7,300. Sayari iliyodhaniwa kufanana na Mwezi ilidhihirika kuwa na volkano, na dalili kwamba maji yaliwahi kupita juu ya ardhi yake.

Jinsi kamera ya angani inavyofanya kazi

Kamera nyingi za kisasa zinazozunguka Mirihi hazipigi picha kwa kufunua lenzi mara moja kama kamera ya kawaida. Hufanya kazi kwa namna inayokaribia mashine ya fotokopi. Ndani yake mna safu nyembamba ya vipokea-mwanga, ambayo husoma mstari mmoja wa ardhi kwa wakati mmoja. Chombo kinaposonga mbele katika mzingo wake, mstari wa pili hufuata, kisha wa tatu, hadi picha ndefu inapokamilika. Mwendo wa chombo wenyewe ndio huichora picha.

Mfano bora ni kamera ya HiRISE iliyo ndani ya chombo cha Mars Reconnaissance Orbiter (MRO) cha Shirika la Safari za Anga za Juu la Marekani (NASA). Chombo hicho kilirushwa Agosti 12, 2005, kikafika Machi 10, 2006. Kamera hiyo, ambayo husimamiwa na Chuo Kikuu cha Arizona, ni darubini yenye kioo cha upana wa nusu mita. Ikiwa kilomita 300 juu ya ardhi, pikseli moja ya picha yake huwakilisha takriban sentimita 30, na picha moja hufunika ukanda wenye upana wa kilomita sita. Kwa kuwa kitu huhitaji pikseli kadhaa ili kitambulike umbo lake, kinachoweza kutambuliwa ni kitu cha upana wa mita moja hivi.

Kazi hiyo ina vikwazo vingi. Kwanza ni mwendo. Chombo husafiri kwa kasi ya zaidi ya kilomita tatu kwa sekunde, kwa hivyo kila mstari wa picha una muda usiofika sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Pili ni uhaba wa mwanga, kwani Mirihi hupokea chini ya nusu ya mwanga wa Jua unaoifikia Dunia. Ili kukabiliana na hali hiyo, HiRISE huupima mwanga wa mahali pamoja hadi mara 128 mfululizo, mahali hapo panapopita chini ya safu zake, kisha hujumlisha vipimo hivyo. Chombo kikitetemeka kidogo tu wakati huo, picha huharibika.

Tatu ni kusafirisha data. Mirihi huwa umbali wa kati ya kilomita milioni 55 na zaidi ya milioni 400 kutoka Dunia, na kasi ya mawasiliano hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. MRO ina antena yenye upana wa mita tatu, na ujumbe wake hupokewa na vituo vilivyoko California, karibu na Madrid nchini Uhispania, na karibu na Canberra nchini Australia. Vituo vimewekwa katika mabara matatu ili, Dunia inapojizungusha, kimoja kiwe kimeelekea Mirihi.

Kutokana na vikwazo hivyo, hakuna kamera iwezayo kuona kila kitu kwa ubainifu wa juu kabisa. Baada ya miaka mingi ya kazi, HiRISE imefunika asilimia chache tu ya ardhi ya Mirihi. Ndiyo sababu MRO ilibeba pia kamera iitwayo CTX, ambayo pikseli yake ni mita sita lakini huona ukanda wa kilomita 30. CTX huonyesha mtaa, nayo HiRISE huonyesha nyumba. Mnamo 2023, watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California walitoa ramani iliyounganisha picha za CTX za takriban sayari nzima, yenye jumla ya pikseli trilioni 5.7.

Vivuli, kina na rangi

Urefu wa mlima au kina cha shimo hakionekani moja kwa moja katika picha iliyopigwa kutoka juu. Wataalamu hutumia njia kadhaa kukipima. Ya kwanza ni kivuli: pembe ya Jua ikijulikana, urefu wa kivuli hutoa urefu wa kitu. Mzingo wa MRO umepangwa ili chombo kivuke juu ya maeneo mengi mwendo wa saa tisa alasiri kwa saa za huko, wakati ambapo vivuli ni virefu vya kutosha kuonyesha mabonde na miinuko.

Ya pili ni kupiga picha mbili za mahali pamoja kutoka pembe tofauti, kama macho mawili ya binadamu yanavyofanya. Kamera ya HRSC iliyo ndani ya chombo cha Ulaya cha Mars Express, kilichofika Desemba 25, 2003, iliundwa nchini Ujerumani kwa ajili ya kazi hiyo. Ina safu tisa za vipokea-mwanga, baadhi zikitazama mbele, nyingine chini na nyingine nyuma, hivyo hukusanya pembe zote katika mpito mmoja. Ya tatu ni leza. Chombo cha Mars Global Surveyor kilichofika mwaka wa 1997 kilibeba kifaa cha kupima mwinuko kwa kurusha miali ya leza na kuhesabu muda iliochukua kurudi.

Kuhusu rangi, msomaji anapaswa kuwa mwangalifu. Picha nyingi zinazochapishwa zikiwa na buluu na zambarau hazionyeshi kile ambacho jicho lingeona. Rangi hizo zimekuzwa ili kutofautisha aina za miamba, au huwakilisha mwanga wa infraredi usioonekana kwa jicho. Kwa jicho la kawaida, sehemu kubwa ya Mirihi ingeonekana ya hudhurungi na rangi ya kutu.

Uso wa Cydonia

Mfano maarufu zaidi wa picha kusomwa vibaya ulitokea Julai 25, 1976. Chombo cha Viking 1 kilikuwa kikitafuta mahali ambapo mwenzake, Viking 2, angetua. Katika eneo la Cydonia kilipiga picha ya kilima kilichofanana na uso wa binadamu unaotazama juu. Jua lilikuwa chini upeoni, kivuli kirefu kikafunika nusu ya kilima, na doa jeusi lililotokana na data iliyopotea njiani likakaa panapostahili kuwa tundu la pua. NASA yenyewe iliitoa picha hiyo siku chache baadaye, ikieleza kuwa umbo hilo lilitokana na mwanga na kivuli.

Maelezo hayo hayakuzuia vitabu, vipindi vya redio na filamu kudai kwamba palikuwa na sanamu ya ustaarabu uliotoweka. Mnamo Aprili 1998, kamera ya Mars Global Surveyor iliyosimamiwa na Michael Malin ilikipiga kilima hicho picha iliyo bayana zaidi. Kilionekana kuwa mwamba uliolika. Waliopinga walisema kulikuwa na mawingu membamba siku hiyo, na kwamba huenda alama muhimu zilifichika. Aprili 2001 picha ilipigwa tena, safari hii anga ikiwa safi, na pikseli moja ikiwakilisha mita moja na nusu hivi. Ilionyesha kilima cha kawaida chenye kilele bapa, mfano wa vingi vinavyopatikana katika maeneo makavu ya Dunia.

Maji au mchanga?

Kosa la Cydonia lilikuwa la mashabiki. Suala la maji, kwa upande mwingine, liliwagawanya wataalamu wenyewe. Mnamo Juni 2000, Malin na mwenzake Ken Edgett walitangaza kwamba kamera yao ilikuwa imeona makorongo madogo kwenye kuta za kreta na mabonde. Yalionekana machanga sana, na walipendekeza kwamba huenda yalichimbwa na maji katika siku za karibuni kwa kipimo cha jiolojia. Desemba 2006 walionyesha picha za makorongo mawili ambamo mashapo mapya yalikuwa yamejitokeza katika muda wa miaka michache tu.

HiRISE iliyafuatilia makorongo mengi kwa miaka kadhaa, majira baada ya majira. Ilibainika kwamba mabadiliko hutokea hasa wakati wa baridi, theluji ya kaboni dayoksidi inapokuwa imetanda kwenye miteremko. Huo ndio wakati ambapo maji ya kutiririka hayatarajiwi kabisa. Maelezo yaliyopata nguvu kuhusu mabadiliko ya sasa ni kwamba gesi hiyo iliyoganda ndiyo huusogeza mchanga na mawe.

Mkasa wa pili ulianza 2011. Kikundi kilichoongozwa na Alfred McEwen wa Chuo Kikuu cha Arizona kilitangaza kuwapo kwa michirizi myeusi, yenye upana wa mita chache, ambayo hujitokeza kwenye miteremko wakati wa joto, hurefuka, kisha hufifia wakati wa baridi. Miongoni mwa waliotia sahihi utafiti huo alikuwa Lujendra Ojha, mzaliwa wa Nepal, ambaye aliigundua michirizi hiyo akiwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Septemba 2015, NASA ilitangaza kwamba dalili za chumvi zenye majimaji zilizopatikana mahali hapo ziliunga mkono dhana ya maji ya chumvi yanayotiririka. Habari hiyo ilisambaa kote ulimwenguni.

Novemba 2017, utafiti mwingine uliotumia picha za HiRISE za pembe mbili ulipima miteremko hiyo. Ulionyesha kuwa michirizi hukomea mahali ambapo mteremko unapungua kufikia takriban digrii 27, pembe ile ile ambayo mchanga mkavu huacha kuporomoka. Maji yangeendelea kutiririka hata mteremko ulipopungua. Tangu wakati huo, dhana ya mchanga mkavu ndiyo iliyoegemewa zaidi.

Yafaa kuzingatiwa kwamba matokeo hayo hayakufuta ushahidi wa maji ya kale. Mabonde yenye matawi, pamoja na delta zilizoonekana katika kreta za Eberswalde na Jezero, bado huchukuliwa kuwa kazi ya mito na maziwa ya mabilioni ya miaka iliyopita. Kilichobadilika ni imani kwamba maji yangali yanatiririka leo.

Usalama wa vyombo vinavyotua

Mahali ambapo picha hizi hupimwa kwa ukali zaidi ni katika kutua. Viking 1 ilikuwa imepangiwa kutua Julai 4, 1976, siku ambayo Marekani iliadhimisha miaka 200 ya uhuru. Picha zilizopigwa chombo kikiwa angani zilionyesha kuwa mahali palipochaguliwa palikuwa na mikwaruzo mingi mno. Wasimamizi walikubali kupoteza fahari ya sikukuu hiyo, wakatafuta mahali pengine, na chombo kikatua salama Julai 20.

Kufikia Februari 18, 2021, gari la utafiti la Perseverance lilipotua katika kreta ya Jezero, ramani iliyotengenezwa kwa picha za MRO ilikuwa imewekwa ndani ya kompyuta yake. Lilipokuwa likishuka, lilipiga picha za ardhi iliyo chini yake, likazilinganisha na ramani hiyo, kisha likachagua lenyewe mahali pasipo na hatari.

Picha za angani zimewahi pia kuondoa mashaka ya miaka mingi. Chombo cha Uingereza cha Beagle 2, kilichobebwa na Mars Express, kilitarajiwa kutua Desemba 25, 2003. Hakikusikika tena, na kwa zaidi ya miaka 11 iliaminika na wengi kuwa kilivunjika. Januari 2015 ilitangazwa kwamba HiRISE ilikuwa imekiona katika tambarare ya Isidis, chombo chenye upana usiozidi mita mbili kikiwa kimekaa ardhini. Kilikuwa kimetua. Inaonekana baadhi ya mabamba yake ya kuzalisha umeme wa jua hayakufunguka, yakaifunika antena ya kuwasiliana na Dunia. Kiongozi wa mradi huo, Profesa Colin Pillinger, alikuwa amefariki Mei 2014, miezi minane kabla ya tangazo hilo.

Picha za kabla na baada

Manufaa ya kukaa muda mrefu angani yalionekana tena baada ya Desemba 24, 2021. Siku hiyo kipimatetemeko cha chombo cha InSight kilichokuwa ardhini Mirihi kilinasa tetemeko la ukubwa wa 4. Chanzo hakikujulikana hadi Februari 2022, wataalamu walipoona katika picha za CTX kreta ambayo haikuwako awali. Picha za kila siku za kamera nyingine ya MRO, ambazo ni hafifu na hutumiwa kufuatilia hali ya hewa, zilisaidia kuthibitisha kwamba shimo hilo lilitokea katika muda wa saa 24 zilizolingana na tetemeko. HiRISE ilipolitazama kwa karibu, iliona kreta ya upana wa takriban mita 150 na kina cha mita 21, huku mabonge ya barafu ya maji yakiwa yametapakaa kandokando.

Ugunduzi huo, uliotangazwa Oktoba 27, 2022, ulionyesha barafu katika eneo lililo karibu zaidi na ikweta kuliko mahali pengine palipowahi kushuhudiwa barafu iliyofukuliwa na kimondo. Bila picha za zamani za mahali hapo, kreta hiyo ingekuwa shimo moja tu miongoni mwa maelfu.

Majina na mataifa mapya

Kila umbo linalothibitishwa hupewa jina na Muungano wa Kimataifa wa Falaki (IAU). Kreta nyingi kubwa hubeba majina ya wanasayansi waliofariki na waandishi walioihusu Mirihi, na nyingi zilizo ndogo hupewa majina ya miji midogo ya ulimwengu. Miongoni mwa kreta zenye majina ya miji ni Kipini, iliyopata jina lake kutoka kwa mji wa pwani ya Kenya ulio karibu na mlango wa Mto Tana.

Orodha ya wanaopiga picha nayo imepanuka. Chombo cha India cha Mangalyaan kilifika Septemba 24, 2014, na kutuma picha za rangi hadi mawasiliano yalipokatika mwaka wa 2022. Chombo cha Umoja wa Falme za Kiarabu kiitwacho Al-Amal, yaani Tumaini, kilifika Februari 9, 2021, kikifuatwa siku moja baadaye na Tianwen-1 ya Uchina. Aprili 2023, Uchina ilitoa ramani ya rangi ya Mirihi nzima yenye pikseli ya mita 76.

Namna ya kuisoma picha ya Mirihi

Picha nyingi za vyombo hivi hutolewa kwa umma bila malipo. Isitoshe, mnamo Januari 2010 kikundi cha HiRISE kilianzisha mpango wa HiWish, unaomruhusu mtu yeyote, mwalimu au mwanafunzi, kupendekeza mahali pa kupigwa picha.

Anayekutana na picha ya Mirihi yenye dai la kustaajabisha ana mambo matano ya kuuliza kabla ya kuliamini. La kwanza ni kipimo: pikseli moja ni sentimita ngapi au mita ngapi? La pili ni mwanga: Jua lilikuwa upande gani, maana mwanga ukidhaniwa kutoka upande usio wake, shimo huonekana kama kilima. La tatu ni rangi: je, ni ya asili au imekuzwa? La nne ni tarehe na majira ya huko, ambako mwaka mmoja ni siku 687 za Dunia. La tano, ambalo ndilo lililoamua kesi za Cydonia, makorongo na michirizi myeusi, ni iwapo kuna picha nyingine ya mahali hapo, na inaonyesha nini.